Diski ya Kushoto

"Itoe hiyo taa," alisema Bwana Zein. "Inanitia aibu mbele ya wageni."

Taa yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Ilikuwa nyekundu, na ilikuwa imewaka usoni mwa kompyuta ya Shirika la Makazi, pale Malindi, tangu wiki mbili kabla ya Ramadhani. Tsuma Masha, karani wa mashine, alikwisha kuandika barua tatu kueleza maana yake. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na diski mbili, kila moja ukubwa wa tofali, na kila jina lililoandikwa kwenye hii liliandikwa wakati ule ule kwenye ile, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Taa ilisema kwamba moja imekwisha kufa. Kutoka Nairobi walijibu kwamba diski mpya itakuja. Bwana Zein, mkuu wa ofisi, yeye jibu lake lilikuwa bisibisi.

Tsuma akaichomoa taa. Mwajiriwa ni mwajiriwa, hata akijua analofanya ni upuuzi.

Jaafar Zein alikuwa mtu wa visiwa vya kaskazini, Kiswahili chake kitamu na roho yake chungu. Hakupiga kelele. Alikutukana kwa sauti ile ile aliyoagizia kahawa, na ukitoka mle chumbani ndipo unapotambua umetukanwa. Tepu za akiba, za kunakilia yaliyo ndani ya diski, zilipokwisha, Tsuma alimwomba aagize nyingine. Akamwambia, "Ewe bwana, umepewa diski mbili na bado wataka tepu? Wewe ukioa wake wawili utataka na wa tatu wa akiba?" Watumishi wakacheka, na Tsuma naye akacheka.

Kilichokuwa ndani ya diski zile si mchezo. Serikali ilikuwa imelinunua Shamba la Bahasani, kwenye njia ya kwenda Jilore, ili iwagawie waliokuwa wakiishi humo bila hati tangu enzi za babu zao. Familia mia sita na kumi na moja. Pwani hii mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwingine, kwa hiyo waliandikwa kwa miti yao: fulani, sehemu fulani, mikorosho kadhaa, minazi kadhaa, na kidole gumba chini ya fomu. Mwenye miti ndiye atakayepewa ardhi iliyo chini yake. Tsuma alitumia miezi minane kuziingiza fomu zile kwenye mashine. Alipomaliza, Bwana Zein aliagiza zichomwe, kwa sababu alikitaka chumba cha stoo aweke makochi yake.

Tsuma hakuzichoma. Alizipakia kwenye magunia mawili akampelekea mkewe, Kahonzi, aliyekuwa akiuza viazi vya karai mbele ya nyumba yao kule Maweni. Karatasi nzuri ya kufungia viazi, nzito, haipenyezi mafuta upesi. Kahonzi alifurahi kana kwamba ameletewa kanga.

Diski mpya ilifika mwezi wa sita mwaka wa 1989, ndani ya boksi lililojaa magazeti. Fundi wa Nairobi, mwanamke aitwaye Waruguru, alitaka kuja kuitia mwenyewe, lakini Bwana Zein alimjibu kwamba karani wake ana mikono miwili. Basi Waruguru akatuma karatasi ya maelezo. Ilisema: diski iliyokufa ni namba moja. Zima mashine, toa namba moja, tia mpya, washa.

Tsuma akaizima mashine. Mbele yake mlikuwa na diski mbili, ya kushoto na ya kulia, kila moja na kitundu chake cha taa, vyote vyeusi, asikumbuke ile nyekundu aliing'oa kwenye kipi. Angaliiacha taa ile ingalimwonyesha. Akahesabu kama anavyohesabu mtu yeyote aliyezaliwa Vitengeni akiwa na mbuzi wawili mbele yake: huyu mmoja, huyu wa pili. Akaitoa ya kushoto, akaitia mpya mahali pake.

Mashine haikuamka.

Ndipo alipoinama na kuona tarakimu ndogo zilizochongwa kwenye bati. Kushoto palikuwa na sufuri. Kulia ndiko kulikokuwa na moja. Mashine huanza kuhesabu na kitu ambacho hakipo, na hakuna mtu aliyemwambia hivyo.

Jasho lilimtoka ijapokuwa chumba kile ndicho pekee kilichokuwa na mashine ya baridi. Hata hivyo hapakuwa na hasara bado. Aling'oa ile mbovu ya kulia, na pale ilipokuwa akaitia ile nzima. Sasa mpya ilikuwa kushoto, nzima kulia. Akawasha. Mashine ikanguruma, kisha ikauliza kwa Kiingereza: ninakili sufuri juu ya moja? Ndiyo au la?

Wakati huo Bwana Zein alikuwa amesimama nyuma yake, kanzu nyeupe, saa mkononi. Wageni wa kuja kuitazama orodha walikuwa njiani.

"Yauliza nini?"

"Yauliza kama inakili, bwana. Ngoja nimpigie simu yule fundi kwanza."

"Simu ya Nairobi mpaka opareta akupate ni saa nzima. Si ndiyo kazi yenyewe, kunakili?"

"Ndiyo, lakini—"

"Lakini nini? Bonyeza."

"Bwana, sufuri ndiyo—"

"Tsuma. Bonyeza, au ondoka hapo nimwite anayejua kubonyeza."

Akabonyeza. Nitasema wazi kwamba hapa ndipo ninapomkasirikia. Neno la kweli lilikuwa mdomoni mwake na akalimeza.

Mashine ilinong'ona kwa dakika arubaini na tano, taratibu, kwa uaminifu, ikichukua utupu wa diski mpya na kuuandika juu ya diski nzima, jina kwa jina, mti kwa mti. Ilipokwisha, Tsuma aliifungua orodha. Familia zilizoandikwa: sufuri.

*

Waruguru alipatikana kwenye simu siku ya pili. Bwana Zein alisimama karibu na meza, ameuweka mkono juu ya kile chombo cha simu, tayari kukata.

"Nani alikwambia ubonyeze ndiyo?" aliuliza Waruguru.

Tsuma akamtazama Bwana Zein. Bwana Zein akatazama dirishani.

"Nilibonyeza mwenyewe."

"Tepu ziko?"

"Hakuna tepu."

"Na ile iliyokufa, bado inakwaruza ukiiwasha?"

"Inakwaruza."

"Basi hiyo imejichimba yenyewe, hapo hakuna kitu. Sasa nisikilize, Tsuma. Zile fomu za mkono. Ziko wapi?"

Tsuma aliuzungusha waya wa simu kidoleni hata opareta akaingia kuuliza kama wamemaliza.

"Wamemaliza," alisema Bwana Zein, akakata.

*

Alitoka ofisini kabla ya wakati, akaenda Maweni kwa miguu, mbio mbio, shati nje. Kahonzi alikuwa mbele ya karai. Wateja watatu walikuwa wameketi kwenye benchi, na mmoja wao, fundi wa baiskeli, alikuwa na viazi vyake kwenye karatasi, pilipili juu. Tsuma aliuona muhuri wa Shirika pembeni mwa ile karatasi. Akamrukia akampokonya. Viazi vikamwagika mchangani.

"Huyu mumeo ana wazimu?" aliuliza fundi wa baiskeli, vidole bado vimekunjwa kana kwamba ameshika kitu.

"Tsuma! Kuna nini?"

"Magunia. Yako wapi magunia?"

"Magunia gani? La kwanza lilikwisha zamani. La pili limebaki kidogo. Mbona wanitia aibu mbele za watu?"

Alimvuta ndani akamweleza, na alipokuwa akieleza Kahonzi alikaa chini kwenye kinu, pole pole, mikono yake ina ute wa unga wa viazi. Alikuwa mwana wa Mzee Dzombo wa Bahasani. Alizaliwa humo, mama yake amezikwa humo, na baba yake alikuwa ameandikwa humo kwa mikorosho kumi na saba.

"Baba yangu amefutika?"

"Wote wamefutika."

"Sikukuuliza wote. Nimekuuliza baba yangu."

Walilimwaga gunia sakafuni. Zilibaki fomu arubaini na tatu. Kahonzi alizisoma moja moja, akizipangusa kwa upindo wa leso. Ya Dzombo haikuwamo. Ya Nyevu ilikuwamo, yule mjane aliyepakana na baba yake: Nyevu wa Karisa, mikorosho mia na tatu, na kidole gumba kipana kama cha mwanamume.

"Nimewauzia watu viazi ndani ya jina la baba yangu," alisema Kahonzi. "Pengine niliwashia jiko. Nilikuwa nikiimba, Tsuma."

"Ningalijuaje mimi?"

"Uliambiwa uchome ukaiba. Na kama ungalichoma ingalikuwa yale yale. Wewe ufanye jema ufanye baya, hutoki na kitu."

Neno hilo lilimchoma Tsuma kuliko yote aliyowahi kuambiwa na Bwana Zein. Aliinua mkono. Kahonzi hakurudi nyuma. Akaushusha mkono, akaenda nje kuomba radhi kwa fundi wa baiskeli.

Kahonzi alizifunga zile fomu kwenye leso, mafundo mawili, akaiweka chini ya nguo zake. "Hizi zitapelekwa barazani siku ya Jumamosi, majina yatakaposomwa," alisema. "Watu arubaini na watatu ni watu."

*

Alhamisi Bwana Zein alimwita Tsuma ofisini mwake, akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakulifanya miaka yote minne. Mezani palikuwa na barua mbili zilizokwisha kupigwa taipu.

"Soma."

Ya kwanza ilisema kwamba karani Tsuma Masha, kwa uzembe wake na bila amri, alifuta orodha ya Bahasani, na kwamba anaachishwa kazi na kukabidhiwa polisi. Ya pili ilisema kwamba stima ilikatika na kurudi kwa kishindo, mashine ikaungua.

"Yaliyomwagika hayazoleki," alisema Bwana Zein. "Orodha itaandikwa upya. Nimeanza kuiandika mwenyewe. Wenye haki watakuwamo, na marafiki wachache wa Shirika. Shamba ni kubwa. Lakini nimesikia huko mjini kwamba mkeo anafungia watu viazi kwa karatasi za ofisi yangu. Je, zimebaki?"

Tsuma alitazama viatu vyake.

"Kumbe zimebaki. Niletee. Karatasi zikizagaa kila mtu atakuja na yake, na hapo tutahitaji barua ya kwanza. Ukiniletea, ni barua ya pili. Na mkweo, yule mzee, jina lake nani?"

"Dzombo."

"Ana miti mingapi?"

"Kumi na saba."

"Masikini. Anapakana na nani?"

Hapo Tsuma angaliweza kusema hajui. Angaliweza kusema anapakana na barabara. Akasema, "Mjane mmoja. Nyevu. Ana mia na tatu."

Bwana Zein aliandika kitu kwenye daftari lake. "Basi mzee wako ana mia na ishirini," alisema. "Mwambie ashukuru."

*

"Ati nini?" aliuliza Kahonzi.

"Baba yako atapata shamba. Si ndilo ulilolilia?"

"Shamba la Nyevu?"

"Hatujui. Orodha ni yake Bwana Zein."

"Tsuma, Nyevu na baba walichimba kisima kimoja. Mama alipokufa, aliyemwosha ni Nyevu. Wewe ulipokuja kuposa ulikunywa tembo la nani? Hukulitapika, nadhani."

"Nikienda jela Nyevu atakuletea unga?"

"Atauleta. Ndiyo maana siwezi kuzitoa fomu."

"Wewe ndiye uliyezikaanga karatasi, leo umekuwa kadhi!"

"Mimi nilifunga viazi. Sikufunga watu."

Ijumaa asubuhi Kahonzi alichukua ndoo zake akaenda kupanga foleni bombani. Aliporudi leso ilikuwa kitandani, imefunguliwa na kukunjwa vizuri, kama anavyokunja mtu anayejua amekosa. Alisimama nayo mkononi, maji yakimchuruzika miguuni. Kisha akajitanda leso hiyo hiyo, akafunga mlango, akashika njia ya Bahasani kwenda kwa baba yake. Karai aliliacha pale pale jikoni na mafuta yake.

*

Baraza lilifanyika kwenye uwanja wa shule ya Bahasani. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha kijani. Bwana Zein aliketi katikati, Tsuma kando yake na madaftari mawili, moja la orodha mpya na jingine jembamba, la wenye malalamiko. Watu walikuwa wameketi chini, tangu saa moja, na jua sasa lilikuwa la saa tano.

Bwana Zein alieleza habari ya stima kwa ufasaha kiasi kwamba wengine walitikisa vichwa kwa huruma. Kisha akaanza kusoma. Jina, sehemu, miti. Jina, sehemu, miti. Kila jina la nne au la tano hakuna aliyeinuka kuliitikia, maana mwenyewe hakuwahi kuonekana Bahasani, na watu walitazamana.

"Dzombo wa Ngumbao. Mikorosho mia na ishirini."

Mzee Dzombo aliinuka kwa kushika bega la aliyekuwa mbele yake. Hakuwa mzee wa hekima wala wa mithali. Alikuwa mkali, mbishi, mwenye ugomvi na nusu ya watu walioketi pale.

"Soma tena."

"Mia na ishirini, mzee. Hongera."

"Mino nina kumi na saba," alisema Dzombo, na Kigiriama kikamtoka kwa hasira. "Nimeipanda mwenyewe, miwili imeliwa na mchwa na nimeirudishia. Hiyo mia na tatu nimeipanda lini? Usingizini?"

Watu walicheka. Bwana Zein naye akatabasamu.

"Mzee, kupewa zaidi si kosa la kulalamikia."

"Ni ya huyu hapa!" Alimwonyesha Nyevu kwa fimbo. Nyevu alikuwa ameketi kimya, ameukunja mguu wenye kidonda, akingojea jina lake kwa adabu. "Yuko wapi yeye kwenye daftari lako?"

"Hayumo. Hana ushahidi."

Nyevu alitazama huku na huku kama mtu aliyeitwa na asijue sauti imetoka wapi.

Kahonzi akasimama.

"Ushahidi uko," alisema. "Fomu arubaini na tatu zilikuwa kwangu, ya Nyevu ikiwamo, na kidole chake. Zilitolewa kwenye leso yangu jana asubuhi. Sasa anazo Bwana Zein."

Bwana Zein hakubadili sauti.

"Dada yangu, hayo ni mazito. Una shahidi?"

"Mume wangu."

Watu mia sita walimgeukia Tsuma. Bwana Zein naye akamgeukia, kwa upole.

"Karani. Kuna fomu zozote zilizobaki?"

Tsuma alimtazama mkewe. Kahonzi alikuwa akimngojea, na usoni mwake, nyuma ya hasira yote ile, bado palikuwa na tumaini. Aliliona. Ndiyo sababu aliinamisha macho kwenye kitambaa cha kijani alipojibu.

"Zilichomwa zote. Mwezi wa pili."

Mtu mmoja nyuma alitema mate. Nyevu alianza kulia kwa sauti ndogo, bila kujifunika uso.

"Limekwisha hilo," alisema Bwana Zein. "Sasa wewe mzee. Waipokea mia na ishirini, au unapinga? Wanaopinga wana daftari lao, lakini mwenye kupinga hutolewa kwenye orodha mpaka uchunguzi uishe."

"Utaisha lini?"

"Utakapoisha."

Mzee Dzombo alifikiri, na haikuwa rahisi kwake. Alitazama upande wa mikorosho yake, akatazama chini, akasonya. Tangu siku posa ilipopokewa hakuwahi kumwita Tsuma kwa jina mbele za watu. Mkwe huitwa mkwe, na kumtaja hivi hivi ni kumvua nguo.

"Tsuma," alisema. "Nifute."

Tsuma akapiga mstari juu ya jina la baba mkwe wake. Alipiga wa pili kwa kuwa wa kwanza haukunyooka.

Wenye kupinga walijipanga mbele ya meza, na safu haikuwa ndefu. Watu wengi walikuwa na watoto, na mwenye watoto huogopa. Tsuma alifungua lile daftari jembamba akaandika: Dzombo wa Ngumbao. Akaandika: Nyevu wa Karisa. Alipoinua uso, aliyefuata alikuwa Kahonzi.

"Rudi nyumbani," alimnong'oneza. "Tutazungumza."

"Andika," alisema Kahonzi, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Kahonzi wa Dzombo."

Bwana Zein alikuwa akitazama. Tsuma akaandika.

"Sehemu?"

"Ya baba yangu."

"Miti?"

"Mitano. Niliipanda nikiwa msichana, kabla hujaja."

Nafasi iliyofuata kwenye daftari ilikuwa ya wanawake peke yao, na Bwana Zein alikuwa ameagiza isirukwe kwa yeyote. Tsuma aliishika kalamu juu yake, asiandike wala asiiondoe. Jina la kuandikwa hapo lilikuwa lake mwenyewe.

"Uliza," alisema Bwana Zein. "Wote wanaulizwa."

"Jina la mume?" aliuliza Tsuma.

"Acha wazi," alisema Kahonzi.

Tsuma akaiacha wazi, akamwita anayefuata.